Chuma cha Kaakaa na Mwanya wa Bibi

Watu wengine wakisikia harufu ya karafuu wanawaza pilau. Mimi ufizi unaniuma. Juzi nilitoka nyumbani, jambo ambalo kwangu ni safari kamili (mume wangu husema nikifika soko la Kilombero nipigwe picha ya ukumbusho), na muuza viungo alipofungua mfuko wa karafuu karibu na pua yangu, nilifumba mdomo nikakaza meno kama mtoto anayekataa dawa.

"Mama, mbona umenuna? Hizi ni nzuri!"

Nikanunua kwa aibu. Lakini mwenyewe nilikuwa nimesharudi Njiro, nina miaka kumi, nimelazwa kwenye kiti kirefu kinachonukia karafuu na glavu, na mwanamke aliyefunika mdomo wake kwa kitambaa ananiambia nifungue wangu. Nawauliza nyie: mtu anayeficha wake, unamfunguliaje wako?

Ni kweli mdomo wangu ulikuwa na kesi. Meno ya juu yalipandana kama kuku waliofungwa miguu pamoja, na nikiuma, upande mmoja wa juu uliingia ndani ya wa chini. Nyama niliimung'unya mpaka ikakata tamaa. Mama, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenipeleka kwa daktari huyo wa meno. Akaambiwa kaakaa langu ni jembamba mno, lipanuliwe sasa mifupa ikiwa bado laini, kisha vifuate vyuma vya kupanga meno. Wakishachelewa, ni kupasuliwa. Baada ya hapo nilitolewa nje, wakabaki wanaongea mlango umefungwa. Kwetu Moshono tulijua kwamba watu wazima wakifunga mlango na kunong'ona, kuna anayekwenda kuchinjwa, na kwa kawaida ni jogoo. Siku ile jogoo hakuwepo.

Sofa mpya ambazo baba alituahidi mwaka ule hazikuja, hela yake ilikwenda kliniki. Kilikuja chuma. Kilikaa juu ya kaakaa, kimeng'ang'ania magego ya huku na huku, na katikati kilikuwa na skrubu yenye tundu dogo. Kila jioni mama aliniegemeza kichwa mapajani, akachukua ufunguo mwembamba aliokuwa ameufunga uzi usije ukanipita kooni, akauchomeka tunduni na kuusukuma kuelekea nyuma. Nilisikia kitu kikivuta mpaka chini ya macho, na puani nikahisi kama nimepaliwa na soda. Mama hakusema neno. Alipomaliza alinipangusa mate kwa upande wa khanga, nami nikaenda kwenye kioo kukagua kama kichwa hakijaanza kupasuka. Mama yangu, ambaye hata kukaza mpira wa mtungi wa gesi alimwita baba, amepata wapi ufundi wa kukaza watu?

Shuleni nikapewa jina la Geti. "Geti, fungua tupite!" Nikisema neno lenye "sh" mate yaliruka, kwa hiyo kuwasalimia wakubwa kukawa mtihani. Nilianza kuwapungia mkono kwa mbali kama mbunge.

Lakini bibi, mama yake baba, hapungiwi mkono. Aliishi juu ya Kikatiti, kwenye migomba na kahawa yake, na ndiye aliyenilea uchanga wangu wote mama alipokuwa chuo cha ualimu. Alipokuja kututembelea nilipiga shikamoo yangu, akajipangusa uso taratibu.

"Marahaba. Hata salamu ya mjukuu wangu siku hizi inaninyeshea. Mama Anasia, mmemfanya nini mtoto?"

"Ni matibabu, mama," mama akajibu.

"Matibabu ya nini? Sisi maji ya huu mlima yametupaka meno kahawia tangu mababu, nani alikufa? Tumekula ndizi, tumeimba kwaya."

Bibi na mama waliheshimiana sana, kwa namna ile ya watu wawili wanaopishana kwenye daraja jembamba. Hawakugombana kamwe. Kila mmoja alimtuma baba ujumbe kwa mwenzake. Na baba, mwili mkubwa ule, bibi akikohoa Kikatiti yeye alimeza dawa Moshono. Nilianza kusikia akisema, "Labda tukitoe kwanza, tuone." Mama alijua kuwa kikitolewa kabla ya wakati kaakaa litarudi lilivyokuwa, na baadaye ni kisu. Alikuwa akinikazia skrubu huku ametazama mlango.

Kisha likatokea jambo. Asubuhi moja niliamka nikakuta kati ya meno yangu mawili ya mbele pamefunguka nafasi, nyembamba, ya kupitisha ncha ya ulimi. Ikazidi siku hadi siku. Mwanya! Kwetu mwanya ni uzuri. Kuna wasichana walioposwa wakiwa bado wanacheka. Bibi alipouona aliniita dirishani, akanigeuza uso kwenye mwanga kama anayechagua kitenge.

"Ee Mungu. Mwanya kabisa. Kama wa shangazi yangu!"

Jumapili ile alinipeleka kanisani kwake, akanitaka nicheke mbele ya akina mama wote wa jumuiya. Chuma kikawa chuma chema. Nilipandishwa cheo, nikapata paja la kuku. Mimi niliushangaa upendo huo wa ghafla, lakini paja nilikula. Yaani nililimung'unya.

Amani ilidumu mpaka mama alipomwambia ukweli: mwanya ule ni alama tu kwamba mfupa umeachana, utajifunga wenyewe, na vyuma vitamalizia.

"Wameufungua, sasa wanaufunga?" bibi akasema. "Hao ni wezi. Nakwenda mwenyewe kuonana na huyo daktari. Na nikirudi, hicho chuma kinatoka. Baba Anasia, umesikia?"

Baba alikuwa amesikia. Jioni ile mama alinikazia skrubu mapema kuliko kawaida.

Kliniki bibi alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, ametulia kama shahidi wa serikali. "Daktari, Mungu amempa mjukuu wangu mwanya kupitia mikono yako. Asante. Sasa mwachie hapohapo."

Daktari alicheka, akaonyesha picha ya eksirei yangu kwenye mwanga: taya zangu, nyeupe, za kutisha, kama za mtu mwingine. Alieleza vizuri, na bibi akatingisha kichwa kukataa kila neno. Ndipo daktari akanyooshea kidole sehemu mbili, kushoto na kulia.

"Bibi, afadhali umekuja. Hapa na hapa palipaswa kuwa na chonge. Hakuna hata mbegu zake. Ndiyo maana taya la juu limejikunja. Nilimuuliza mama yake, akasema wewe ndiye uliyemlea akiwa mchanga. Kuna kitu kilimpata mdomoni?"

Mkono wa bibi ulikuwa unachezea kifungo cha mkoba. Ukasimama. Nilimwona akiitazama ile picha, kisha akainamia viatu vyake.

"Alianguka, daktari," mama akasema haraka. "Nimekumbuka. Nilikuja likizo, nikamwogesha, akaniteleza. Alinidondoka mimi."

"Pande zote mbili, sawasawa?"

"Alianguka vibaya."

Daktari akamtazama mama, akamtazama bibi, akazima taa ya picha. Bibi akanyanyuka, akaweka mkoba begani.

"Endeleeni na chuma," alisema. "Hata huo mwanya, fungeni."

Nilitoka pale nimeshamaliza upelelezi wangu. Kumbe! Ndiyo maana mlango ulifungwa. Ndiyo maana anakaza bila kusema neno. Mama aliniangusha, akaficha miaka kumi, sasa anarekebisha kimyakimya kama mtu aliyevunja sahani ya wageni. Nilimshuku mama kwa muda mrefu sana. Akinituma mayai dukani nilimwambia, "Kweli, bora niende mimi. Wewe kudondosha kuko kwenye damu yako." Alicheka kidogo, akanipa hela. Bibi hakucheka. Tangu siku ile aliacha kumwita Mama Anasia. Alimwita "mwanangu", na mkungu mzuri kuliko yote aliutenga kwa ajili yake. Hilo nalo nililitilia shaka.

Meno yangu yalinyooka. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili, nikamlilia mpaka nikapoteza sauti.

Kisha nami nikazaa. Mwanangu akiwa na miezi michache alishikwa na homa na kuharisha, na jirani yangu, mwanamke mwema asiyekosa kuniletea uji, akamfunua mdomo akanionyesha ufizi uliovimba weupe, kushoto na kulia.

"Hayo meno ya plastiki, mama. Yasipong'olewa mtoto anakwenda. Kuna mzee anayatoa kwa spoku ya baiskeli, mara moja tu."

Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye zile sehemu mbili. Nilimbeba mtoto, nikakimbia hospitali. Wakamtibu tumbo, na muuguzi akanieleza kuwa uvimbe ule ni chonge za utotoni zinajitayarisha kutoka, hazina kosa lolote.

Mama alipokuja kumwona mjukuu wake, nilimuuliza juu ya chonge zangu. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho.

"Nilirudi likizo nikakuta vidonda viwili ufizini, na wewe mzima, unacheka. Ulikuwa umeharisha karibu kufa, kijiji kizima kinamwambia bibi yako akutoe meno ya plastiki, na yuko peke yake. Ningeanzia wapi kugomba?"

"Na ukakubali nikuone wewe ndiye uliyeniangusha? Hata baada ya bibi kufa?"

"Wewe ulikuwa lazima umshuku mtu, Anasia. Ndivyo ulivyozaliwa. Nikaona mimi nitakuweza. Mama mkwe wangu asingekuweza."

Akaendelea na maharage yake. Nami, mpelelezi wa nyumba ile, niliyemchunguza mpaka daktari, nilikaa pale nikimkumbuka bibi nilivyomlilia kwa moyo mzima, bila swali hata moja juu yake. Nilikuwa nimedhani kumpenda vile ni kazi yangu peke yangu, kumbe mama ndiye aliyenilindia upendo huo.