Kupeleka Chanjo Kinangop na Sanduku la Barafu

Nyinyi mlioko nyumbani huniuliza kila Krismasi kazi yangu huku Nakuru ni nini hasa. Nikiwajibu kwamba natunza stoo ya dawa ya hospitali, mnaitikia kwa upole, kama mtu anayepewa salamu za mgonjwa asiyemjua. Basi nimeona niwasimulie safari moja tu, ile ya kupeleka chanjo ya ndui Kinangop, muone wenyewe kama ni kazi au si kazi.

Sababu ya kuondoka ilikuwa hii. Huko Kinangop, juu ya Naivasha, kwenye shamba moja la Mzungu, kulikuwa na zahanati ndogo ya wafanyakazi. Dresa wake alikuwa Yohana Lumbasi, kijana wa Maragoli niliyemfahamu tangu alipokuwa akijifunza kufunga vidonda hospitalini kwetu. Tulimpelekea chanjo kwa treni. Hakuna aliyemwambia mtu wa Naivasha kwamba inakuja, kwa hiyo kifurushi kilikaa juani stesheni mpaka dereva wa lori la maziwa alipokiona. Sasa, chanjo ya ndui ikipata joto hufa, na ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Lumbasi akachanja kambi nzima kwa chanjo iliyokufa. Haikushika hata mkono mmoja, yaani hakuna palipochanjwa pakatoka lengelenge. Baadaye ndui ikaingia, na mkamuaji mmoja wa ng'ombe, ambaye alikuwa amechanjwa kama wengine, akafa. Tangu hapo watu wakasema dresa anachanja watu kwa maji.

Lumbasi alituma neno kwa dereva yule wa maziwa: tulete nyingine, na iwe hai, kwa sababu hii ikikataa hatapata mkono wa mtu tena, na ndui itaimaliza kambi. Daktari wetu mkuu, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili chake mwenyewe, aliniita.

"Wewe nakwenda na sanduku," akasema. "Hapana rudi kabla naona mkono nashika."

Nakuru, asubuhi. Barafu niliipata jikoni kwa hoteli moja ya Wazungu, ambako mpishi alikuwa mwenzangu wa kwaya. Tulipanga vichupa vyembamba vya chanjo ndani ya mkebe, mkebe ndani ya barafu, barafu ndani ya pumba za mbao, na vyote ndani ya sanduku. Mpishi aliniuliza kama hiyo dawa ni ya mfalme. Nikamwambia ni ya wakamuaji wa ng'ombe. Akaniongezea kipande cha barafu.

Njiani kuelekea Gilgil. Nilikaa upande wa kivuli, lakini reli ilipinda na jua likanifuata, nikahamia upande wa pili, reli ikapinda tena. Abiria walidhani nina ugonjwa wa kutotulia. Sanduku lilianza kutoa maji, yakafika kwenye viatu vya mzee mmoja aliyekuwa na kofia ya kanisani.

"Umebeba samaki," akasema.

"Ni barafu, mzee."

"Barafu haiwezi kutembea hivi. Hii ni samaki."

Alinusa mpaka Naivasha akitafuta samaki wake, na naamini mpaka leo anaamini nilimnyima.

Naivasha, saa za mchana. Siku hizo za Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, hukuweza kushuka stesheni bila kuonyesha pasi. Askari alisoma yangu taratibu, kisha akataka sanduku lifunguliwe. Nilimwomba tulifungue kivulini. Hilo lilimpa wasiwasi zaidi. Tulipofika kivulini alitia mkono ndani, akautoa haraka.

"Inaniuma!"

"Ni baridi tu, afande."

Akamwita mwenzake aje naye aumwe, na huyo akamwita mwingine. Kila mkono ulioingia ulitoka na baridi yangu kidogo. Nilitabasamu kwa sababu wao ndio waliokuwa na bunduki. Waliponiachia nilikwenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha siagi, ambako safari hii nilikuwa nimetanguliza habari, na barafu mpya ilikuwa ikinisubiri kwenye gunia. Niseme ukweli, kuiona ile barafu kulinifurahisha kuliko kuona ndugu.

Kupanda Kinangop, alasiri. Nilipanda lori lililokuwa likirudisha madebe matupu ya maziwa. Barabara ilikuwa mawe na matope, na madebe yalipiga kelele njia nzima. Lakini kila tulivyopanda baridi ilizidi, na mimi nikazidi kuchangamka. Dereva alijifunga koti na kulaani hewa ya huko, na mimi nikawa naisifu. Hatukuelewana, ila alinifikisha.

Kambini, jioni. Lumbasi alinipokea kwenye baraza ya nyumba yake. Alikuwa amekonda. Alinionyesha nyuma ya zizi kaburi la mkamuaji, udongo wake bado haujaota majani, kisha akanionyesha kibanda ambamo mgonjwa mwingine wa ndui alikuwa amelazwa peke yake, siku ya pili. Nililiacha sanduku nje, barazani, mahali penye upepo mkali ambao ungeweza kulitunza hata bila barafu, nikaandamana naye kwa nyapara kuomba watu wakusanywe asubuhi. Nyapara alituweka muda mrefu. Alisema atawakusanya, lakini hawezi kuwashika mikono.

Tuliporudi, baraza ilikuwa tupu.

Mnajua wenyewe desturi yetu. Mgeni akifika, mzigo wake hauachwi mlangoni kama wa mtu anayefukuzwa. Huingizwa ndani, na mgeni wa heshima huwekewa mzigo wake mahali pazuri kuliko pote. Kinangop, mahali pazuri kuliko pote ni karibu na moto. Rasoa, mke wa Lumbasi, alikuwa amelibeba sanduku langu mwenyewe, mtoto mgongoni, akaliweka kando ya mafiga, na juu yake akalifunika blanketi.

Nilifungua. Barafu ilikuwa maji. Maji yenyewe hayakuwa baridi wala moto, yalikuwa maji tu.

Nilikasirika, nikaisukuma chai kando. Rasoa akaelezwa kwamba joto huiua chanjo.

"Shemeji, mimi nilifikiria ni vitu zako," akasema. "Nikasema huyu mtu ametoka mbali, vitu zake zisilale kwa baridi."

Lumbasi alikaa na kichwa mikononi. Kungoja chanjo nyingine itoke Nairobi ni kuipa ndui nafasi ya kumaliza kambi. Kuchanja watu kwa hii, nayo ikiwa imekufa, ni kumaliza jina la dresa pamoja na kambi. Na hakuna awezaye kuitazama chanjo akajua kama iko hai. Lazima ipewe mkono, halafu mngoje.

"Mimi sijachanjwa," Rasoa akasema. "Ile wakati nyinyi mlikuwa mnachanja, nilikuwa nimeenda nyumbani kuzaa. Sasa hii si ni mimi nimeipasha? Nichanje mimi, na watu waone."

"Na mtoto?" Lumbasi akauliza.

"Mtoto atangoja mkono yangu."

Asubuhi. Watu walikusanywa, wakasimama mbali na mikono ndani ya makoti. Lumbasi alimchanja mkewe mbele yao. Hakuna mwingine aliyejongea. Ilibaki kutunza vichupa vingine mpaka jibu lije, na barafu hakuna. Nikauliza maziwa ya jioni hukaa wapi mpaka lori lije asubuhi. Wakanionyesha: madebe yamezamishwa kwenye mfereji wa maji ya mlimani, baridi ya kukata vidole. Kumbe shamba zima lilijua kupoza kitu kila siku, na sisi Nakuru tulikuwa tumepanga safari ya barafu bila kuwauliza. Tulikizamisha kimkebe chetu hapo, kati ya madebe.

Siku za kungoja. Mkono wa Rasoa ukawa mali ya umma. Watu walipitia kwake kwenda kukamua, na wakapitia tena kurudi. Alikuwa akipika ugali huku mkono mmoja ukikaguliwa. Mwanzoni hapakuwa na kitu, na nilianza kupanga maneno ya kumwambia daktari. Yule mgonjwa wa kibandani alizidiwa. Lumbasi aliacha kula. Kisha asubuhi moja Rasoa aliamka na homa, mahali palipochanjwa pamevimba, na katikati pametokea lengelenge.

"Inauma sana," akasema, analia na kucheka.

Sijawahi kuona mtu akipongezwa hivyo kwa kidonda. Lumbasi alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko peke yake, akarudi macho mekundu. Alimchanja mtoto wake kwanza. Alipoinua uso, mstari ulikuwa umefika kwenye zizi, na nyapara alikuwa ndani yake, mkono wa shati tayari umekunjwa.

Kurudi. Niliteremka na maziwa mpaka Naivasha, nikashika treni, safari hii bila sanduku la kunihamisha viti. Nilifikiri njia nzima. Tulikuwa tumepanga treni, jua, askari na matope. Hatukumpanga mwenye nyumba, tukadhani dawa imefika kwa kuwa imefika mlangoni. Nilijifunza kwamba anayeipokea aelezwe kabla ya anayeibeba, na asikilizwe pia, maana mfereji ulikuwa wake.

Nakuru, ofisini kwa daktari. Nilimweleza kwamba imeshika. Alifurahi, akachukua kalamu.

"Njiani nini napotea?"

"Barafu, bwana."

"Barafu tu? Mzuri sana. Hapana hasara."

"Hasara iko, bwana," nikamwambia. "Imezikwa nyuma ya zizi. Ilitangulia kabla mimi sijaondoka hapa."

Alinitazama, kisha akaweka kalamu chini bila kuandika.