Mkosha Maiti Darasani

Sheha, kiongozi wa kijiji chetu, aliponipeleka mjini Chake kusomea utunzaji wa wazee, watu wa kwetu Wingwi walicheka. Kazi yangu mimi ni kuosha maiti wa kike. Nimeirithi kwa mama, na wapo ambao wakiniona njiani wanahamia upande wa pili. Sheha alisema anayefaa ni mtu asiyeona kinyaa. Nikaenda nimenuna, maana sikuona mwili wa binadamu una jipya gani la kunifundisha.

Mwalimu alikuwa muuguzi kutoka Unguja, binti mchangamfu mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alikuja na mwanasesere mkubwa wa mpira, tukajifunza kumlisha, kumkalisha, kumvua nguo bila kumwacha uchi. Yote niliyaona mepesi, mpaka siku alipotuonesha picha ya kidonda.

Kilikuwa nyongani, kimechimba mpaka karibu na mfupa. Wenzangu walijifunika nyuso kwa mitandio. Mimi sikujifunika, kwa sababu nilikuwa nakijua. Nimewaosha wengi wenye kidonda hicho, nyongani, kiunoni, visiginoni, na siku zote nikidhani ni maradhi yenyewe yametokeza nje.

"Haya si maradhi," mwalimu akasema. "Mgonjwa akilala ubavu mmoja bila kugeuzwa, nyama inakufa. Mkimgeuza kila baada ya saa chache, hapati."

Kugeuzwa tu! Mama zetu, wenye watoto tele nyumbani, wanaopendwa, wanaokorogewa uji kila asubuhi, wameoza wangali hai kwa sababu hakuna aliyetwambia tuwageuze. Wengine tulidhani kumsogeza mgonjwa ni kumtesa. Mchana ule sikula. Wenzangu wanagombania minofu ya samaki, mimi nawaona mbele yangu wale niliowaosha, mmoja mmoja, na hasira nimejaa nayo sijui nimpe nani.

Siku ya mtihani wa vitendo mwalimu alinifuata mpaka Wingwi, kwa bibi mmoja aliyepooza upande, anayekaa na mwanawe wa kiume na mke wa huyo mwanawe. Nilipotokea uani na ndoo na kitambaa, yule mkaza mwana aliangusha muhogo aliokuwa akiumenya, akapiga ukelele.

"Inna lillahi! Kafa saa ngapi, na miye nimo humu humu?"

Majirani wakaanza kumiminika. Ilibidi niape kwamba leo nimekuja kwa mtu mzima wa afya, au tuseme aliye hai. Bi mkubwa mwenyewe alisikia yote kitandani, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mwacheni apite," akasema. "Kaja kunizoea."

Tulipomfunua tukakuta nyonga yake imeanza kuchubuka. Mwalimu akamweleza mkaza mwana kwa ile sauti yake: kidonda hiki kinatokana na kulala bila kugeuzwa, na kikiachwa kitachimba mpaka mfupani. Bi mkubwa akaacha kucheka.

"Tokeni nyote. Abaki huyu."

Mwalimu akasema lazima ashuhudie ndipo anipasishe. Bi mkubwa akamjibu kwamba kunipasisha atanipasisha yeye. Wakatoka. Akaivuta shuka mpaka kifuani, akaikamata kwa mkono wake mzima.

"Sikoshwi mpaka unijibu," akasema. "Mwanangu ulimkosha weye."

Ni kweli. Bintiye aliugua muda mrefu kitandani nyumbani kwa mumewe, hapa hapa Wingwi. Alipofariki, mama yake, wakati huo hajapooza, alikuwa Unguja kwa matibabu ya macho, na aliporudi alikuta kaburi limeshakauka. Watu wote tulimwambia maneno mamoja: katunzwa vizuri, kaondoka kama aliyelala.

"Naye alikuwa navyo vidonda kama hichi changu?"

Sisi waosha maiti tunafundishwa kwamba ukiona zuri liseme, ukiona baya lizike na mwenyewe. Darasani nako nimeambiwa mzee akiuliza ajibiwe, wala asidanganywe. Hakuna aliyeniambia nifanyeje hayo mawili yakikutana kitandani kwa mama wa marehemu. Nikisema ndiyo, nimemfunua maiti wa watu. Nikisema hapana, nimeongopa. Nikinyamaza, nimeshajibu.

Nikanyamaza.

Bi mkubwa alifumba macho. Machozi yakamtiririka kuelekea sikioni, kama yanavyomtoka mtu aliyelala chali. Shuka hakuiachia. Maji yalikuwa yanapoa ndooni na mimi nilishajua kwamba nitafukuzwa, na kwamba kile kidonda kitabaki pale pale kichimbe kama vilivyochimba vile vingine.

"Weye ulipomkosha," akasema, "ulimgeuza?"

Hili sasa lilikuwa na jibu.

"Nilimgeuza, bi mkubwa. Nilimlaza ubavu wa kushoto, kisha wa kulia."

"Pole pole?"

"Pole pole sana. Tulimshika wawili, kichwa chake kilikuwa mkononi mwangu."



"Kwa hivyo kageuzwa," akasema. "Alhamdulillahi. Mwanangu angalau kageuzwa."

Nililia. Katika kazi yangu kulia mbele ya wenye nyumba ni aibu, lakini nililia mpaka kitambaa kikanianguka. Yeye akanisubiri nimalize.

"Haya, nami nigeuze," akasema, akaiachia shuka.