Harufu ya Ruben

Ukiniuliza Ruben alikuwa nani, nakwambia: alikuwa mtu asiyenuka. Usicheke. Hapa Bwera kila mtu ananuka kitu chake, mimi petroli ya bodaboda, mke wangu samaki wa Kahendero. Ruben akienda kuwinda swala hakunuka chochote cha binadamu.

Sabuni aliiacha mapema, na kitanda cha mkewe Mbambu hakukikaribia. Nguo za pori alizifukia shambani pamoja na mavi ya swala, na kabla ya kuingia mbugani alijipaka mavi hayo utosini hadi nyayoni. "Jamani, nimeolewa na beberu!" Mbambu alimtania. Alibeba majivu kwenye kitambaa, akayapukuta kidogo aone upepo unakwenda wapi, kisha akatambaa kwa viwiko, upepo ukimpiga usoni. Swala akiinama kula, Ruben anasogea. Swala akiinua kichwa, Ruben ni jiwe. Mbwa wake, Kamanda, alimwacha nyumbani, maana mbwa huwashtua wanyama. Kuwinda mle ni haramu, sote tulijua, lakini hakuwa na kazi nyingine.

Mara ya mwisho nilimshusha mimi kando ya barabara asubuhi. Jioni nikarudi kumchukua, hakutokea. Kulipopambazuka tukaingia kumtafuta: mimi, Mbambu, Ephraïm mdogo wake Ruben, na Kamanda. Askari wa mbuga hatukuthubutu kuwaambia. Mbambu alikuja na shati la mumewe la nyumbani, amnusishe mbwa. Ephraïm akakataa.

"Iyi iko na sabuni, shemeji. Ruben ya pori haiko na harufu iyi. Mupe kitambaa yake ingine ya kuwindia, ile ilibakia nyumbani."

"Ephraïm, mbwa amtambue bwana wake kwa mavi?" nikasema.

"Hamuza, weye ujue pikipiki yako!"

Kamanda akanusa kile kitambaa, akachomoka. Tukamkimbilia, Mbambu akiita jina la mumewe mpaka sauti ikamkauka. Mbwa akatufikisha moja kwa moja kwenye kundi la swala. Wakatimka, akawafuata. Tukawafikia tena, wakatimka tena. Jua likatuchoma, na Ephraïm bado anasema tumekaribia. Wallahi nilitamani kumzaba kofi.

Alasiri tukaona tai wanashuka. Ruben alikuwa si mbali na pale nilipomshusha, upande tulioupa mgongo asubuhi. Nyayo zilieleza mambo. Alitambaa hadi kwenye kichaka alimolala nyati. Nyati akimnusa mtu mapema mara nyingi huondoka zake, ila huyu hakunusa kitu, akashtuka wakiwa uso kwa uso. Pembe ilimpasua Ruben paja.

Lakini hakufa papo hapo. Nguo zake za mavi zilikuwa zimetupwa mbali, mwenyewe yu uchi. Chupa yake ya maji ilikuwa tupu, na chini yake udongo umekuwa tope. Alikuwa amejisugua kwa nyasi kifua, mikono na makwapa, mpaka ngozi ikachubuka.

"Mutu anakufa, anaoga ya nini?" Ephraïm akauliza.

Mbambu alikuwa amekaa chini, amempakata mumewe, shati la nyumbani bado liko begani kwake.

"Alijua tutakuja na Kamanda," akasema. "Alikuwa anajisafisha ili mbwa wake amnuse."