Haro ya Meno Juu

Mke wa fundi alirudi akakuta godoro sakafuni. Kitanda cha chuma alichoachiwa na marehemu mama yake kilikuwa uani, kimekatwakatwa na kuchomelewa kuwa haro ya kuvunjia mabonge ya udongo shambani, imefungwa nyuma ya trekta dogo la mumewe. Alifoka hadi kuku wakahama mtaa.

“Mama watoto, chuma ni chuma,” fundi akajitetea.

“Na mguu ni mguu! Mbona sijaukata wako nikasongea ugali?”

Haro iliyowashinda wanaume wanne kuiinua aliifungua kwenye trekta, akaiburuta peke yake mpaka chumbani, akailaza meno juu.

“Haya, baba watoto, panda ulale. Si chuma ni chuma?”

Fundi aliyatazama yale meno, akaenda kuwasha mashine ya kuchomelea.