Kwa Nyumba ama Nyumbani

"Mimi sijawahi kumdanganya mgonjwa. Sindano ikiuma, nasema itauma. Ukiwa unakufa, nitakuambia uanze kuaga."

Kavetsa aliyasema hayo kwa maikrofoni, mbele ya kanisa zima hapa mtaa wa Raila, Kibera, siku ya harambee ya mabati, na alikuwa ameitwa kusalimia tu. Pasta akakohoa. Mama Joan wa kwaya akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo maana watoto wakimwona wanajificha." Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Aliyepiga kuliko wote alikuwa Trizah, fundi wa nguo kule Soweto East.

Kavetsa ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Ni muuguzi katika zahanati ndogo ya kulipia kule Kawangware, yenye vitanda vichache na daktari anayetokea Jumanne na Ijumaa kama siku za soko. Mimi nilisomea uuguzi nikafika nusu ya diploma, pale wanapouliza maswali ya maadili. Sura ya majibu sikufika. Ndiyo sababu namsumbua huyu mama.

Mwezi wa nane, Trizah alimleta babake kwenye zahanati hiyo. Mzee Walubengo ni fundi wa vitanda pale Gatina, na nusu ya Kawangware inalala juu ya mbao zake. Chakula kilikuwa kimekataa kushuka. Ulianza ugali, ukafuata wali, halafu hata uji ukawa unakamatwa kooni kama mchuuzi aliyekutana na kanjo, askari wa jiji. Alipelekwa kupimwa hospitali kubwa, na majibu yakarudi: saratani ya koo, na imeshafika kwenye ini. Hakukuwa na cha kukata. Kilichobaki kilikuwa maji ya mshipa na dawa ya maumivu.

Daktari alimwambia Trizah. Hakumwambia mzee. Trizah akamvuta Kavetsa nje ya mlango.

"Sista, tafadhali. Huyu mzee akisikia hiyo neno atakufa kesho. Namjua. Mwambie ni vidonda vya tumbo."

"Vidonda siwezi kusema."

"Basi usiseme kitu. Nyamaza tu. Niahidi."

Kavetsa akamtazama daktari. Daktari akasema, "Familia imeongea. Kueleza ugonjwa ni kazi yangu, si yako."

Kavetsa akaahidi. Nilimuuliza kama hakumkumbusha Trizah makofi yake ya kanisani. Akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyekataa dawa. "Nimkumbushe nini? Watu wanapenda ukweli ukiwa wa baba ya mwenzao."

Basi mambo yakawa hivi. Kila asubuhi mzee anauliza, "Sista, niko aje leo?" Kavetsa anajibu, "Presha iko sawa, mzee." Na presha ilikuwa sawa kweli! Hapo ndipo kichwa kiliponiwasha. Ukimwambia mtu ambaye nyumba yake inaungua kwamba kufuli lake liko imara, umemdanganya ama hujamdanganya?

"Nilikuwa natafuta kitu kimoja kizima mwilini mwake nimtajie," Kavetsa aliniambia. "Presha ingeharibika, ningeanza kusifu kucha."

Kilichomtesa Kavetsa zaidi ni Disemba. Mke wa mzee anaishi Kimilili, shambani, na hakuwa ameambiwa lolote. Mzee alikuwa akirudia, "Nikipona naenda Disemba, nimwekee mama Trizah dari." Lakini ni Kavetsa aliyekuwa akimwosha, akiona nyama inavyoaga mifupa. Alijua kwamba Disemba mzee angefika Kimilili, ndiyo, ila ndani ya sanduku. Mkewe angepokea mwili bila neno hata moja la kwaheri.

Sasa wageni wa Nairobi wanisikilize hapa. Mjini mtu ana nyumba, na ana nyumbani, na si kitu kimoja. Nyumba ni pale unapolipa kodi. Ukisema unaenda kwa nyumba, unaenda Gatina ama Raila. Nyumbani ni kule kwenu, kwenye shamba na makaburi ya watu wako. Mgonjwa akipata nafuu anarudi kwa nyumba. Akishindikana, watu wanashusha sauti: apelekwe nyumbani.

Asubuhi moja mwezi wa tisa Kavetsa alikuwa akirekebisha matone ya maji, Trizah amesimama kando na thamosi ya uji. Mzee akauliza polepole, "Sista, wakinitoa hapa, naenda kwa nyumba ama naenda nyumbani?"

Trizah akarukia, "Kwa nyumba, baba! Si nimeshakutandikia?"

"Sijakuuliza wewe, mama. Wewe ni mtoto wangu, utanipenda tu. Nimeuliza sista."

Kavetsa aliendelea kutazama matone, anavyosimulia mwenyewe, mpaka macho yakamchonyota.

"Nyumbani, baba."

"Sawa. Nikiwa nimekaa ama nimelala?"

Trizah akaweka thamosi chini. Anayesafiri amelala, kila mtu anajua, ni yule wa kwenye sanduku.

"Ukienda wiki hii," Kavetsa akasema, "umekaa."

Nje ya mlango Trizah alimwakia. "Uliniahidi!"

"Niliahidi sitataja ugonjwa. Sijautaja."

"Usinichezee na Kiswahili, Kavetsa! Wewe ni nyoka!"

Daktari naye alipokuja Ijumaa hakutaka hadithi. Akamwondoa Kavetsa kwenye vitanda, akampeleka kupima uzito wa watoto.

Mimi nikamkalia na swali langu. "Sasa, ulimwambia ama hukumwambia?"

"Sijui," akasema. Kwa Kavetsa neno hilo ni adimu kama maji ya mfereji. "Ningesema 'kwa nyumba' ingekuwa uongo, hiyo najua. Na Trizah nilimwumiza akiniangalia, hiyo pia najua."

"Na mzee angekuuliza kama atapona?"

"Ningemwambia amuulize daktari, halafu nitoroke. Bahati yangu aliuliza njia."

Bahati? Mimi bado nalichunguza hilo. Mzee alimwona huyu mwanamke akihangaika na presha wiki baada ya wiki. Nashuku alikaa kitandani akichonga swali ambalo sista angeweza kulijibu bila kuvunja ahadi. Kavetsa anasema nina akili ya mtu asiye na kazi.

Siku ileile aliyojibiwa, mzee aliomba simu, akampigia mkewe mwenyewe. Jumamosi alipanda basi la asubuhi, akakaa dirishani, Trizah kando yake. Trizah hajamsalimia Kavetsa mpaka leo. Nauli ya mtu aliyekaa, Nairobi hadi Kimilili, ilikuwa shilingi elfu moja mia tano.