Samaki wa Mama Mkubwa

Mimi ndiye niliyekataa chakula, lakini aliyeumia ni mama.

Utotoni nilikula ugali mkavu na ndizi mbivu, basi. Samaki sikumweza. Ule utelezi wa ngozi yake niliuhisi kooni hata kabla sijamgusa. Mtu wa ziwani asiyekula samaki ni kichekesho, nami nilichekwa vya kutosha. Mama hakucheka. Alinisongea ugali wangu kando, akaniacha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba aliacha kazi mjini Migori, tukahamia boma lake Karungu, alikoishi mama mkubwa, mke wake wa kwanza. Siku ya kufika alitupikia ngege, samaki wa ziwa letu, kwa mchuzi mzito. Alinichagulia aliyenona. Nilikaza meno, akanibembeleza, nikajaribu, nikatapika palepale mezani.

Kwetu mtoto akikataa chakula cha mke mwenza, haulizwi yeye. Anatazamwa mama yake. Nani amemfunza kwamba chungu hiki kina dawa? Mama aliapa kwamba si yeye, akavuta sahani yangu, akamla samaki yule mpaka kichwa mbele ya wote. Haikusaidia kitu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema, na anayewaza sumu ya wenzake ndiye aijuaye; tangu hapo kila bakuli mama alilopeleka nyumba ile lilirudi limejaa. Hakuwahi kunigombeza, na hilo linaniuma hadi leo.

Alifariki kabla ya miaka hiyo kuisha, bado wakimwogopa.

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu huko Homa Bay, daktari mmoja aliponieleza kuwa watafiti wanatujua watu wa aina yangu. Ubongo wetu hupokea ladha, harufu na mguso kwa namna yake, na chakula kilichotushinda utotoni huenda kikatushinda hata ukubwani. Si ukaidi wala si malezi. Nilifurahi kidogo, kisha nikaona aibu kwamba nafarijika peke yangu. Jumamosi nilikwenda Karungu.

Mama mkubwa, sasa mzee, alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama hata leo samaki simli. Nikamwambia simli.

"Nyathina, mwanangu, kwa hivyo mama yako hakukufunza?"

"Hakunifunza, mama. Ni mimi tu nilivyo."

Aliitazama mikono yake.

"Mwaka ule wa ukame alituletea uji," alisema. "Niliurudisha. Wanangu wakalala njaa."