Dobi Aliyekatazwa Kunawa

Bwana Afya alitangaza kwa kipaza sauti, mbele ya soko, kwamba upele ni ugonjwa wa wachafu, na kwamba mtaa wetu, kwa kuwa ni msafi, hauna upele. Tangazo lilipokewa kwa makofi. Dobi naye alipiga makofi, kisha akatumia nafasi hiyo kujikuna katikati ya vidole.

Alikuwa msafi wa kuchosha. Alinawa kabla ya kushika nguo, akanawa baada ya kuzishika, na ukimpa mkono alinawa tena, mbele yako. Mtu mwingine akipata upele ni aibu. Dobi akipata upele, kazi imekwisha. Nani angemletea mashuka? Bwana Afya mwenyewe alikuwa mteja wake, na ndiye mwenye uwezo wa kukifunga kibanda chake cha kufulia.

Shemeji yake, muuguzi, alimshika mkono akauangalia.

"Upele huu, shemeji."

"Mimi? Ninayeshinda kwenye sabuni?"

"Wadudu wa upele hawaulizi nani kaoga. Wanahama mkigusana, wanachimba ngozi, wanataga humo humo. Pakeni dawa nyumba nzima, siku moja, shingoni mpaka nyayo, hata asiyewashwa. Mlale nayo. Mashuka na nguo, maji ya moto. Wiki ijayo mrudie."

Wakapaka, wakarudia. Mwezi ukaisha, dobi bado anajikuna kama mtu aliyepoteza kitu mwilini mwake. Shemeji akaja na hasira zake.

"Hebu paka nikuone."

Dobi akapaka mikono yake kwa ustadi, hakuruka hata ukucha. Alipomaliza akaenda moja kwa moja kwenye beseni, akanawa kwa sabuni mpaka viwiko.

"Unafanya nini?"

"Si nimeshika dawa?"

Mkewe akacheka mpaka akakaa chini. "Baba watoto! Wadudu wako vidoleni, na wewe kila ukipaka unawaogesha!"

Ikaamuliwa nyumba nzima ianze upya. Mikono ya dobi ikapakwa, ikavalishwa soksi. Mkewe akalihamishia beseni kwa jirani, kwa usalama.

Asubuhi, kabla soksi hazijavuliwa, mlango ukagongwa. Dobi akaufungua kwa viwiko. Alikuwa Bwana Afya. Akaziangalia soksi.

"Mikono imekuwaje?"

"Baridi, mzee," alisema dobi, jasho likimtiririka.

Mkewe, nyuma ya pazia, akafumba macho akingoja kibanda kifungwe.

Bwana Afya akautua mzigo mlangoni. Siku zote mzigo wake uliletwa na dereva. Safari hii aliubeba mwenyewe: mashuka ya nyumba nzima, pamoja na ya chumba cha wageni. Akaomba yote yafuliwe kwa maji ya moto, leo leo.